Taa za Alasiri

Dada yangu Shufaa alizaliwa Aden, enzi ya Waingereza, baba yetu alipokuwa karani wa ghala la makaa ya meli. Baba alifariki dada akiwa na miaka tisa, nami ningali tumboni mwa mama. Siku hiyo bandari ilikuwa ikiadhimisha kuzaliwa kwa Malkia. Mizinga ilipigwa asubuhi, askari wakajipanga; kisha upepo wa msimu ukaleta vumbi la jangwani, mji mzima ukafunga milango. Baba alizikwa na watu wanne, pasipo wa kumsomea. Mama akaapa kwamba maadamu yuko mtu wa nyumba ile aliye hai, haitapita tarehe ya baba bila hitima kamili: juzuu zote thelathini za Kurani, ndani ya siku yenyewe.

Mama alitimiza, na dada akarithi. Hata tulipohamia Minnesota, yeye ndiye aliyekuwa akinipigia simu, "Kesho ni baba," nami nikaja kusoma na kula. Sikupata kuuliza tarehe. Iliandikwa katika jalada la msahafu wa mama, na msahafu ule ulipotea dada alipohama nyumba. Mwaka huu moyo wake ulichoka, akalazwa hospitali ya Maplewood, na maradhi yakamfutia tarehe yakamwachia hali ya hewa. Alikumbuka vumbi, mizinga, na kofia ya askari iliyoviringika mpaka mlangoni petu. Zaidi ya hayo, alijua ni Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani.

"Wewe si mwanafalaki?" akaniambia. "Unawahesabia watu miandamo ya miezi. Nihesabie baba yangu, nisimwendee nimeiruka siku yake."

Nikahesabu. Katika kompyuta ya maktaba, mjini kwangu Saint Louis Park, niliona daftari la hali ya hewa la bandari ile. Alhamisi, tarehe kumi Juni, 1954: gwaride la Malkia asubuhi, vumbi zito tangu saa tisa alasiri. Kwa Hijria ilikuwa siku ya nane ya Mfungo Mosi. Lakini mama alizoea kusema kwamba baba alikata roho taa zikiwashwa. Taa huwashwa magharibi, na magharibi kwetu ndiyo inayofungua siku mpya. Basi nikaongeza siku moja, ikawa ya tisa, na sikuficha kujivunia. Nikaalika wasomaji kumi na watano, wengi wao majirani zangu Wasomali, kila mmoja juzuu mbili, Jumamosi baada ya adhuhuri.

Ijumaa, siku ya nane, jirani alinishusha hospitali nimjulie dada hali, kisha akarudi zake. Theluji ikaanza. Jioni ilikuwa nzito hata mbingu ikawa rangi ya jivu, na muuguzi wake, Philister, binti wa Kakamega, akawasha taa za chumba.

Dada akafumbua macho, akalitazama dirisha.

"Vumbi limerudi."

"Ni theluji, dada."

"Na taa mmewasha jua halijatua. Kama siku ile."

"Siku ipi?"

"Ya baba. Mama aliwasha kandili alasiri, giza la vumbi. Mimi ndiye niliyetumwa mafuta, nikanung'unika kwamba tunayapoteza mchana. Alipoadhini mwadhini wa magharibi, baba alikuwa keshafunikwa shuka."

Vumbi zito tangu saa tisa alasiri: daftari liliniambia, nikalisoma nisilielewe. Siku ya baba haikuwa kesho. Ilikuwa leo, na magharibi ilikuwa imebakiza dakika hamsini.

"Basi hitima ni lini?"

"Kesho."

"Kesho si yake."

"Dada, thawabu humfikia maiti siku yoyote..."

"Usinifundishe dini, mtoto wewe! Alifu nimekufundisha mimi, kwa kijiti. Mama nilimwahidi siku."

Nikatoka chumbani nikapiga simu. Wanne walipokea, wakaahidi kusoma juzuu moja moja walipo. Wengine walikuwa kazini, simu zikaita mpaka zikakatika.

"Philister mwanangu, hakuna gari la kuwafuata watu?"

"Mzee, leo hakuna mtu wa ku-drive. Highway imefungwa. Hata mimi shift yangu imeisha na nimekwama." Akanitazama. "Ningekusaidia kusoma, lakini sijui. Nikae tu?"

"Kaa."

Tukaketi kando ya dada, nikafungua msahafu, nikasoma. Mara mbili niliuhisi ulimi ukitaka kukimbia, na mara mbili nikaurudisha, kwani maneno yale hayasomwi mbiombio. Kila herufi ina haki yake, hata saa ikiwa ukutani mbele yako. Dada alikuwa akinisikiliza, na nilipokosea irabu moja alinisahihisha. Nilikuwa nimefunga juzuu ya kwanza, na wale wanne wameniarifu kwamba wamemaliza, simu yangu ilipoadhini magharibi.

"Imekamilika?" akauliza dada.

Nilitamani kusema ndiyo. Msahafu ulikuwa magotini mwangu.

"Juzuu tano, dada."

"Kati ya thelathini."

"Kati ya thelathini."

"Watu wanne, na wewe." Akavuta pumzi kwa taabu. "Kama mazikoni. Basi nitamwambia nini?"

Nikaufunga msahafu, nikamsogelea. Dada akageuza uso dirishani, nikamlakinia shahada, nikiitamka polepole aifuate, na kabla ya isha alikuwa amefika anakokwenda.

Jumamosi njia zilifunguliwa. Tulimswalia, tukamzika, na wasomaji wakaja wote kumi na watano, asichelewe hata mmoja. Juzuu thelathini zilikamilika alasiri, mchana mweupe, bila taa. Siku ya tisa ya Mfungo Mosi, niliyompangia baba kwa makosa, ikawa ya dada. Nimeiandika katika jalada la msahafu wangu, na juu yake nimeandika ya nane, ya baba. Wa nyumba ile aliye hai ni mimi peke yangu.