Viti Vinne Kichwani

Usiku wa jana niliota nimo ndani ya kichwa changu mwenyewe, sina miwani, sina meno, sina viatu, na jicho sina. Jicho lilibaki nje, wodini, chini ya bendeji. Nilikuwa nimepasuliwa mtoto wa jicho, na jicho hilo ndilo pekee lililokuwa bado linaona. Daktari alisema atalifungua asubuhi, tumwombe Mungu.

Kichwani mna chumba chenye viti vinne. Vimekaliwa na vile nilivyoviona mwisho: birika la chai, saa ya ukutani, viatu vyeupe vya daktari, na mke wangu, Mama Tunu.

Mlango unafunguliwa. Anaingia mbuzi tuliyemchinja siku ya harusi yetu; nimemkumbuka ghafla.

"Viti vimejaa," anasema bawabu, ambaye ni kope moja ndefu iliyovaa kofia. "Mmoja ashuke. Na usiyemwangalia anafutika."

Nageuka. Mama Tunu ameshafutika hadi magotini. Nilikuwa namwangalia mbuzi.

"Ashuke huyo bibi," linasema birika. "Mimi nina chai."

"Nyamaza!" nalikemea. "Jicho lisipofunguka, sura hii ya mke wangu ndiyo nitakayobaki nayo."

"Pole, mzee. Chai yenyewe ina tangawizi."

Mimi nilisoma shule ya jioni huku mchana nafanya kazi. Birika halinishindi.

"Bwana Kope," nauliza, "mnahesabu vitu au viti?"

"Viti. Aliyekaa ni mmoja, hata avae nini."

"Basi, Mama Tunu, vaa viatu vya daktari. Shika birika. Hiyo saa itundike shingoni."

"Baba Tunu, una akili timamu wewe? Saa ya ukutani?"

"Vaa, mke wangu."

Anavaa, ananung'unika. Miguu yake inarudi. Mbuzi anakaa, anashukuru.

Asubuhi daktari aliifungua bendeji. Ukaja mwanga, ukaja ukungu, kisha uso. Sikuuliza ni wa nani.

Niliomba karatasi, maana binti yetu Tunu alikuwa Kigoma akisubiri habari. Nikaandika kwa mkono wangu: "Naona. Mama yako yuko mbele yangu."

"Mwambie na mimi shingo inaniuma," akasema mke wangu. "Nimeamka nayo. Sijui nililalaje."

Nikaandika bila kumtazama. Nikailamba bahasha, nikaifunga, nikampa muuguzi aipeleke posta kabla Mama Tunu hajaniuliza ninacheka nini.