Mawaridi ya Salami

Kufikia saa sita mchana mpishi alikuwa amemaliza mawaridi arobaini. Alipanga vipande vyembamba vya salami kuzunguka ukingo wa glasi ndogo, kimoja kikikalia nusu ya kingine, akaongeza safu ya pili na ya tatu, kisha akapindua glasi juu ya sinia na kuiondoa taratibu. Waridi likabaki limesimama. Salami yenyewe ilikuwa kazi yake: nyama ya ng'ombe, chumvi, pilipili manga, na wiki sita za kuning'inia stoo.

Wifi yake, aliyekuja kumsaidia kukata matango, ndiye aliyeona.

"Wifi, hebu pita upande ule."

Mpishi akaenda kwenye friji. Mawaridi yote yakageuka kumfuata. Akarudi kwenye sinki, nayo yakarudi.

"Yameanza lini?"

"Tangu asubuhi. Nipe hayo matango."

Sherehe ilikuwa ya kuzindua kitabu cha mapishi. Kwa miaka kumi na mmoja mwenye nyumba, mwajiri wake, alikuwa akiketi jikoni na daftari, akimuuliza mpishi hiki kinatiwa lini na kile kinaiva vipi. Daftari sasa lilikuwa kitabu chenye jalada gumu na picha ya mwenye nyumba ndani ya aproni ya mpishi. Alikuwa ameahidi kumtaja. Mpishi alifungua ukurasa wa shukrani, akakuta wameshukuriwa mume, mchapishaji na paka. Aliusoma mara mbili, akaenda kuosha mikono.

Saa kumi wageni walijaa sebuleni, wamependeza. Mwenye nyumba akasimama mbele ya sinia.

"Haya nimeyatengeneza kwa mikono yangu miwili," alisema.

Mawaridi yakampa kisogo, yote arobaini, yakatazama mlango wa jikoni.

Jaji mstaafu akalizungusha sinia. Yakageuka tena kuelekea mlangoni.

"Yana msimamo," alisema, akala moja.

"Kule kuna nini?" akauliza mke wa daktari wa meno.

"Jikoni tu," alijibu mwenye nyumba, akaenda huko kwa hatua za haraka.

"Dada, vua aproni. Njoo usimame nyuma yangu, ushike vitambaa vya mikono."

"Mpaka saa ngapi, mama?"

"Mpaka waondoke."

Mpishi alimzidi urefu kwa kichwa kizima, kwa hiyo aliambiwa akunje magoti kidogo. Mawaridi yakaelekea kwa mwenye nyumba, au karibu na hapo, na wageni wakapiga makofi. Hotuba ikaanza.

Ilipofika sehemu ya "nilivyogundua siri ya chumvi", mpishi alisogea hatua mbili kushoto. Mawaridi yakageuka kumfuata. Mwenye nyumba, bila kukatiza sentensi, naye akasogea. Mpishi akapita nyuma ya kochi. Mwenye nyumba akapita mbele ya kochi. Wakaizunguka meza yote, wakapita kando ya kabati la vyombo, wakatoka barazani wakarudi, na wageni wakawafuata na sahani zao wakidhani ndivyo vitabu vinavyozinduliwa siku hizi. Wifi, mlangoni, alijifunika uso kwa taulo la vyombo, mabega yakitikisika. Mpishi hakucheka, ila magoti hayakumuuma tena.

Hotuba ilimalizikia karibu na dirisha. Mwenye nyumba alikuwa anahema, jasho linamtiririka, na kila mtu alisema hajawahi kuona mwandishi mwenye nguvu kiasi kile. Vitabu vikaisha. Wengine waliagiza vya kuwapelekea dada zao.

Jaji alileta chake kutiwa saini. Wakati kalamu ikiandika, akamwona mpishi.

"Na wewe, unajua kupika?"

Mpishi akafungua mdomo.

"Anajifunza," alisema mwenye nyumba.

"Vizuri sana," alisema jaji. Akachukua waridi la mwisho, lililokuwa likimtazama mpishi, akalila.