Wakili na Mashine ya Kufulia

Wakili alikuwa ameshindwa kesi nyingi hata mahakimu, wakimwona tu mlangoni, walianza kumhurumia mteja wake. Mwishowe shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa na kiwanda cha mashine za kufulia, akamwita kazini.

"Mhandisi wangu kaandika mwongozo, haumwelei mtu ila yeye," shemeji alisema. "Nikamwajiri mwandishi wa habari, akaficha kitufe cha kuwashia mpaka ukurasa wa mwisho, eti msomaji asichoke. Wewe utaweza?"

"Shemeji, kuandika ndiyo kazi yangu. Sheria ni nini kama si lugha?"

Akajifungia ofisini akaandika: "Mtumiaji, ambaye humu ataitwa Mtumiaji, hataruhusiwa, wala hatamruhusu mtu mwingine, kuwasha Mashine pasipo Mpira wa maji kuelekezwa ipasavyo." Akaisoma kwa sauti, akajipenda.

Wa kwanza kuujaribu mwongozo huo alikuwa dada yake, nyumbani kwake, akifua mapazia ya sebuleni, Wakili akishuhudia. Alisoma kurasa tatu, akapiga miayo, akabonyeza kitufe kikubwa kuliko vyote. Punde povu likavuka kizingiti cha jikoni, likajikaribisha sebuleni bila hodi. Shemeji akaja mbio na ndoo, suruali kaikunja magotini.

"Kifungu cha kumi na moja kimeeleza wazi," Wakili alisema, kasimama juu ya kiti.

"Mdogo wangu," dada akajibu, huku anakamua zulia, "kwa nini hukuniambia niuchomeke mpira kwenye shimo la maji machafu?"

"Nimeandika 'ipasavyo'."

"Ipasavyo ndiyo wapi?"



Jumatatu shemeji akamhamishia kwenye simu ya malalamiko. Huko alikiona cha mtema kuni. Bibi mmoja alitaka kujua mashine imezipeleka wapi soksi zake. Bwana mmoja alifua viatu pamoja na suti ya harusi. Mwingine, aliyeujaribu mwongozo uleule, alimtukana yeye na ukoo wake wote kwa ajili ya neno "ipasavyo". Wala hapakuwa na hakimu wa kumnyamazisha. Masikio yalimwaka moto, na kiburi kikamtoka kidogo kidogo kama rangi ya shati la bei chee.

Kabla mwezi haujaisha, aliomba mwenyewe auandike upya. "Chomeka mpira kwenye shimo la maji machafu. Uvute uone kama umeshika. Ukichomoka, utafua sakafu." Kurasa nne tu, pamoja na michoro. Dada akafua, sakafu ikabaki kavu. Simu zikapungua, Wakili akarudishiwa ofisi yake.

Siku hizi hualikwa kufundisha vijana uandishi wa miongozo. Juzi kijana mmoja aliuliza ni taaluma gani humwandaa mtu vizuri kwa kazi hiyo.

"Sheria," Wakili alijibu bila kupepesa macho. "Bila sheria, hufiki popote."

Dada yake, aliyekaa nyuma kabisa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Muulizeni," alisema, "aliwahi kutukanwa na wangapi!"