Kitoma cha Mtoto wa Bushiri

Uligeuza uso. Usinikatalie. Walipompitisha Bushiri njia kubwa ya Kibiti, kamba shingoni, wewe ulikumbuka ghafla kwamba paa lako linavuja, ukaingia ndani kulitazama. Na wewe wa Bungu ukawa unamfunga mbuzi aliyekwisha fungwa. Mimi siku hiyo nilikuwa Mbwara. Niliyoyakosa nimeyapata kwa Bibi Mwanamina, mama yake Bushiri, nami nitayasema hata kama masikio yako hayayataki.

Tabu, mkewe Bushiri, amejifungua mtoto wa kike, Mwanahawa. Arobaini bado mbali. Mnajua chumba cha mzazi kilivyo: moto mdogo pembeni, mkeka mlangoni, na mwanamume havuki kizingiti, hata baba husimama nje akaulizia hali. Humo ndani amri ni ya Bibi Mwanamina. Kitovu kisipakwe kitu, kiachwe kikauke chenyewe. Ukimwinua mtoto, shika shingo kwanza. Akilia anyonye, akizidi kulala aamshwe anyonye. Maji asipewe hata tone, tumbo lake halijajua kitu ila maziwa ya mama.

Bushiri, kwa kuwa hana kazi chumbani, akatengeneza kitoma cha kumchezeshea mwanawe. Alichagua kibuyu kidogo kama limau, akakianika, akakisugua kwa majani ya msasa mpaka kikawa laini, akatia punje za mtama, akaziba tundu kwa nta asije mtoto akazimeza. Bibi alikitikisa polepole, mbali na sikio, na kile kitoto kikaacha kulia, macho yakatafuta sauti inatoka wapi.

Kisha wakaja askari. Huko milimani kusini watu wameng'oa pamba ya kulazimishwa na kushika silaha, na wengine huning'iniza shingoni vibuyu vidogo vya dawa ya vita, ndani maji na mtama. Basi boma likaamuru kila nyumba ipekuliwe. Askari waliongozwa na jumbe wetu, Mfaume.

“Humo hamuingii,” Bibi akawaambia. “Mna mzazi.”

“Vita haina mzazi, bibi,” mkubwa wao akasema.

“Kumbe wewe ulizaliwa na vita? Ndiyo maana.”

Wakaingia. Tabu akajifunika, mtoto kifuani. Wakapindua kitanda, wakamwaga vyungu, hata majivu ya moto wakayachokoa. Mkubwa wao akaokota kitoma, akakitikisa, akakivunja kwa kitako cha bunduki. Mtama ukatawanyika sakafuni.

“Dawa hii,” akasema.

“Dawa ya kilio,” Bibi akajibu. “Na mpiganaji wako huyo hapo, jino hana. Mfunge, lakini angalia asikukojolee.”

Askari mmoja akacheka. Mkubwa wao hakucheka. Akamgeukia Mfaume. “Jumbe, wewe mtu wa hapa. Kitu gani hiki?”

Hapo ndipo damu inaponichemka. Mfaume na Bushiri wamelelewa ua mmoja. Mama yake Mfaume, marehemu Mwajabu, alikuwa akimtuliza kwa kitoma mpaka majirani wakachoka na kelele zake. Watoto wa Mfaume mwenyewe wote wamebembelezwa kwa kitoma. Kutoka hapa mpaka Dimani hakuna asiyekijua.

Mfaume akatazama vidole vyake vya miguu. “Vitu vya wanawake mimi sivijui.”

“Mfaume mwanangu,” Bibi akasema, “mgongo huu ulikubeba.”

Mfaume akajivuta nyuma, akawapisha askari. Wakamshika Bibi mkono wamtoe nje, na hapo Bushiri, aliyekuwa uani, akavuka kile kizingiti asichopaswa kukivuka. “Nimekitengeneza mimi. Mwacheni mama.” Wakamwacha mama, wakamfunga yeye. Nyumba wakaitia moto pamoja na ghala la mpunga.

Sasa Tabu yuko uani kwangu, kwenye baridi hii ya kusi. Bibi amemlaza mtoto kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawazungushia kanga, maana moto peke yake hautoshi. Lakini mzazi anayekula muhogo wa kuomba atapata wapi maziwa? Mtoto anavuta titi, anaacha, anavuta tena, analia. Aliyekuwa akimletea Tabu samaki kutoka mtoni kafungiwa bomani.

Nimekwenda boma. Bwana mkubwa ameniambia wenye vibuyu vya dawa wananyongwa, ila watu wa Kibiti wakija kusema kile kilikuwa cha mtoto, atamfungulia. Nikasema, mimi nimekuja. Akauliza, wewe nani yake? Mtoto wa shangazi yake. Akanifukuza: ndugu si shahidi.

Kwa hiyo wanaotakiwa ni ninyi. Zena, wewe una mtoto mgongoni. Mzee Khamisi, wewe umewatengenezea wajukuu vitoma. Mnaogopa, najua. Mlinyamaza mlipopelekwa kwa kiboko kwenye shamba la pamba, na kunyamaza hakukumzuia mtu yeyote asichapwe. Leo mkinyamaza mnamnyonga Bushiri kwa midomo yenu, na mwanawe mnamnyonga kwa njaa.

Jua lingali juu na boma halijafunga. Tokeni ndani. Mwenye mtoto ambebe, mwenye chakula ampitishie Tabu, kisha shikeni njia wote pamoja, mkaseme mnachokijua. Sasa hivi, kabla hawajamtoa kwenda kumnyonga.