Bingwa wa Mikeka

Mwaka mmoja kabla ya Pwani kuchafuka kwa ajili ya Wajerumani, Bagamoyo ilijaliwa kupata bingwa wa mikeka. Jina lake Himid, mtoto wa muuza nguo, na ubingwa wenyewe ulikuwa na umri wa wiki tatu. Padri mmoja aliyekuwa akitunga kamusi alimpa daftari, akamtaka amwandikie maana na matumizi yote ya neno hilo moja, mkeka. Tangu hapo Himid hakukaribishwa mahali akakaa kama watu. Kwanza auinue mkeka autazame chini.

Aliandika msala wa kuswalia. Aliandika jamvi la matangani, mkeka wa kuanikia mpunga, mkeka wa bibi harusi wenye ukili wa rangi. Wanawake wa Mlingotini, waliosuka mikeka kabla yeye hajazaliwa, alikuwa akiwasimamisha njiani awafundishe usukaji. Nao walimsikiliza, wakamtakia afya njema.

Katikati ya elimu hiyo alikuwa amepeleka posa. Alimtaka Salme, binti wa Bi Thuraya, na hapo tusimcheke: alimtaka kweli, mwaka wa pili huo, hata chakula hakimpiti. Siku ya kwenda kusikia jibu alifuatana na ami yake, Mzee Mahfoudh, daftari kwapani.

Juzi yake alikuwa amekwenda nyumba hiyohiyo kumjulia hali bibi yake Salme, aliyekuwa na homa. Kwa adabu zote alimwamkia shikamoo, kisha akamuuliza, siku akifa, angependa alazwe juu ya mkeka upi. Bibi aliitikia marahaba, akageukia ukutani. Himid akaandika kwamba wazee hawana chaguo maalumu.

Basi wakapiga hodi, Bi Thuraya akawakaribisha ukumbini. Sakafu ilikuwa tupu. Mkeka wa wageni ulikuwa umekunjwa, umeegemezwa ukutani mbele ya macho yao, wala hapakuwa na mkono ulioinuka kuutandika. Pwani nzima, hata asiyejua alifu kwa kijiti, analijua hili: mgeni asiyetandikiwa ameshajibiwa.

"Twende zetu, mwanangu," alisema Mzee Mahfoudh.

"Hatujakaa, ami." Himid alichuchumaa sakafuni, akafungua daftari. "Bi Thuraya, mkeka huu mmeuegemeza upate upepo, au mnaogopa mchwa?"

Aliyejibu alikuwa Salme, nyuma ya pazia.

"Mama aliutandika tangu asubuhi, kaka Himid. Alisema wewe si mbaya, ni mjinga tu, tukusamehe. Mimi ndiye niliyeukunja. Bibi yangu tangu juzi halali. Anaogopa mkeka wake."

Himid alisimama, uso umemwiva kwa aibu. Alitaka kuomba radhi, lakini katika maneno yake yote yale hakupata hata moja la kuanzia. Ami yake alimshika mkono, akamtoa nje kama anayemtoa kipofu.

Mwisho wa mwezi alimpelekea padri daftari. La mkeka usiotandikwa hakuliandika. Padri alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akampa mkono wa pongezi, akasema kwamba sasa neno hilo limekamilika, hakuna kilichosahaulika. Himid akamshukuru, akarudi nyumbani.