Shaba Iliyokwisha Kuchimbwa

Mgodi ulipofungwa, Sururu ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka kwenye lifti. Jina hilo alipachikwa na wenzake, kwa kuwa hakuna mwamba uliowahi kumtia adabu. Safari hii mwamba wenyewe ndio uliochoka. Kila mwaka waliteremka chini zaidi, na kila mwaka shaba ikapungua, mpaka mawe yakabaki kuwa mawe tu. Meneja alisema maneno laini, akawashika watu mikono, akaenda zake.

Binti wa Sururu alikuwa na karakana nyuma ya stesheni. Alinunua mota za majokofu na mashine mbovu, akazivunja kutoa shaba. Tangu aifungue, baba yake hakuwahi kukanyaga pale. "Mtoto wa mchimbaji, leo anaokota takataka!" alizoea kusema, akijua maneno hayakosi miguu. Yalimfika binti.

Sasa Sururu akawa anashinda sebuleni kama kabati. Asubuhi moja mkewe alimrushia ovaroli.

"Nenda kwa mwanao. Hapa kazi yako ni kunikagulia sufuria."

Akaenda shingo upande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Binti hakuuliza kilichomleta. Alimsogezea kigoda, patasi na mota iliyoungua, akarudi kwenye shughuli yake.

Mota ilikuwa na kiburi. Patasi iliteleza ikamchuna kidole. Akafyonya, na binti akacheka bila kugeuka. Hatimaye gamba likaachia. Ndani, chini ya masizi, shaba ilikuwa imejiviringa, nyekundu, nono, kuliko yoyote aliyoiona mgodini miaka ile ya mwisho. Sururu akaipapasa. Jasho la watu, pengine hata lake, lilikuwa limelala humu, ndani ya jokofu la mtu asiyemjua.

"Hii ilishachimbwa," alisema.

"Ndiyo, baba. Mliichimba nyinyi."

Lile "nyinyi" lilimwingia taratibu, kama maji kwenye ufa. Akatafuta neno la kumpoza mwanawe, asilipate. Ulimi uliozoea kuchoma haujui kupuliza. Akavuta mota nyingine.

Jua lilipoanza kushuka, binti alikuja kusimama nyuma yake, akatazama mikono ile ikifanya kazi.

"Sogea kidogo, mama," Sururu alisema. "Unanizibia mwanga."

Miaka mingi hakuwa amemwita hivyo. Binti akasogea, lakini si mbali.