Nyangumi wa Dada

Dada yangu ni mkunga. Kutwa nzima anasikia kina mama wakipiga kelele na vichanga vikiwajibu, kwa hiyo akirudi nyumbani hataki hata mlango ubamizwe. Ndiyo maana alianza kukusanya santuri za muziki tulivu, usio na ngoma wala mwimbaji, sauti tu zinazotanda chumbani polepole kama moshi. Mama aliuita muziki wa friji.

"Leo friji lako limekata moto?" alimuuliza kila akiona kimya.

Santuri aliyoipenda kuliko zote aliipata kwenye duka la vitu vikuukuu. Karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka, hata jina halijulikani. Ilikuwa na mngurumo mzito, kengele za mbali, na kila baada ya muda kitu kililia kwa huzuni: "Uuuuu." Dada aliapa ni nyangumi. Alimsikiliza huku machozi yakimlengalenga.

Basi, kwenye kantini ya hospitali akakutana na daktari wa meno, bwana mrefu, mpole, ambaye naye alikuwa amechoshwa na mlio wa mashine ya kutoboa meno akaijaza nyumba yake santuri za namna hiyo hiyo. Wakawa hawabanduki kantini. Chai inapoa, wao wanapigia kelele ukimya! Siku moja daktari akamwalika aje na nyangumi wake. Dada akaniburuta nimsindikize, "watu wasije wakasema."

Sebule ya daktari ilikuwa safi utadhani imepigwa mswaki. Akaipokea santuri kwa mikono miwili, akaifuta vumbi, akaiweka kwenye mashine yake ya santuri, akashusha sindano. Tukafumba macho.

Parapapaa! Tarumbeta zikatulipukia usoni, ngoma zikafuata mbio mbio, na mwanamume mmoja mwenye furaha zake akapaza sauti: "Ruuuka! Haya, ruuuka!"

Mimi niliruka kweli.

Daktari aliinamia mashine, akaitazama inavyozunguka, akainuka taratibu. "Samahani, sista. Mashine yako ya nyumbani, kasi yake umeiweka ngapi?"

"Kasi gani?"

"Kuna kijiti pembeni."

"Kile? Si kimekwama tangu niinunue!"

Tukatazamana. Kumbe mashine ya dada ilikuwa ikijikokota miaka yote, na nyangumi ni mshereheshaji wa dansi. Nilimwona dada uso ukimshuka, nikajua leo tunarudi kwa kilio. Lakini midomo ikaanza kumcheza.

"Nimemlilia weee," akasema, "kumbe mwenzangu ananiambia niruke!"

Akaangua kicheko mpaka akakaa sakafuni. Daktari naye hoi, miwani huko, yeye huku. Alipopata pumzi akasema, "Tafadhali, sista, nipeleke nikamsikie nyangumi."

Akakusanya santuri zote za dansi alizoachiwa na kaka yake, tukaondoka tukichekacheka njiani kama walevi.

Nyumbani akamwamkia Mama, "Shikamoo, mama," na hata kabla hajaitikiwa sawasawa, dada alishashusha sindano. Mngurumo ukaja. Kengele zikaja. "Uuuuu."

Daktari akatulia tuli. "Yupo," akanong'ona. "Sista, yupo kabisa!"

Hapo wakapagawa. Kila dansi waliloliweka liligeuka mawingu. Gitaa zikawa mvua, vicheko vikawa radi. Wakawa wanapokonyana majalada kama watoto.

"Nikutengenezee kile kijiti?" daktari akauliza.

"Kiguse tu, nikung'oe meno bila ganzi."

Mama akaingia chumbani, tukamsikia akivuta sanduku chini ya kitanda, akarudi na santuri ya ujana wake. "Wekeni na hii."

Ilipoanza kujivuta, akasikiliza, kichwa upande. "Mungu wangu! Hii mimi na baba yenu tuliicheza mpaka soli zikaachama. Ndiyo imekuwa hivi?"

Akainua mguu mmoja, polepole, akauweka. Akainua wa pili. Daktari akamwomba mkono, wakacheza kama watu wanaotembea juu ya mayai. Dada akanivuta na mimi.

Dada na daktari walioana mwaka uliofuata, ila mimi nasema ndoa ilianzia pale, wanne sisi, tukizunguka meza kwa mwendo wa konokono, na sindano ilipofika mwisho Mama akadakia, "Mmesimama nini? Geuzeni upande wa pili!"